Salamu Zilizopita Vidoleni

Watu wa Dunda waliniita Bwana Simu, na hawakuniita hivyo kwa mapenzi. Nilifanya ukarani wa simu, zile simu za kugonga, tangu ndevu hazijanijaa mpaka zikaanza kuota mvi, na katika muda wote huo sikuongeza neno la mtu wala sikulipunguza. Mtu akisema "Baba mgonjwa njoo," kule alikopeleka ilifika "Baba mgonjwa njoo." Walikuwepo makarani wenye huruma za kijinga, ambao wakiona maneno ni makavu hutia chumvi, "sana" hapa, "tafadhali" pale. Mimi niliwaona wezi tu. Maneno ya mtu ni mali yake, na wewe uliye katikati kazi yako ni kuyafikisha na kufunga mdomo.

Halafu mkono wangu wa kulia ukaanza kutetemeka. Ni ugonjwa wa kazi ile, huwapata wagongaji wengi, na daktari hana dawa yake. Nikashukuriwa, nikapewa mkono, nikaambiwa kwaheri. Kwetu ni Mhonda, juu milimani, lakini waliokuwa wakinijua huko walikwisha kufa, na waliobaki wangeniuliza jina, basi niende kwa nani? Nikapanga nyumba ndogo hapa Bagamoyo, mtaani Dunda, peke yangu Mkristo katikati ya Waislamu. Hawakuwa na ubaya wowote nami, ila jioni wao wana msikiti wao na baraza zao, na mimi nina kiti changu. Sikuoa. Walioniuliza kwa nini niliwajibu vibaya, wakaacha kuuliza.

Nilikuwa mpweke. Nasema sasa wazi, maana wakati ule sikumwambia mtu. Kuna siku jua lilikuchwa sijafungua kinywa ila kwa kula. Nilichokuwa nacho ni redio, redio kuukuu, ya zile za taa mbili za kioo ndani, niliyoachiwa na Mzungu mmoja wa shamba la mkonge alipokwenda vitani. Ilitumia betri ya gari, na haikuwa na spika. Ulisikiliza kwa visikizio, vile vyombo viwili vya kuvaa masikioni vilivyoungwa kwa utepe wa chuma unaopita utosini. Nairobi ikija vizuri nilivivaa, nikawasikiliza watu wa mbali wakisalimiana kwa Kiswahili. Ukijumlisha na zile za kazini, salamu zilizopita masikioni mwangu hazina idadi, na hata moja haikuwa yangu.

Upande wa pili wa wigo wa makuti aliishi Bi Mwaija, mjane, mchoraji wa kofia. Watu huiona kofia imekwisha, ina vitobo na maua yake, wakadhani ilianza kwa sindano. Haianzi kwa sindano. Inaanza kwa kalamu ya risasi juu ya kitambaa cheupe kilichotiwa wanga. Washonaji ni wengi, lakini wanaojua kuchora walikuwa wa kutafuta. Bi Mwaija alichora bila rula, kwa jicho tu, na duara lake lilikuwa duara kweli. Nilimwona kupitia mianya ya makuti akiwa ameinama juu ya ubao wake, tukasalimiana asubuhi na jioni, basi, kila mtu na lake.

Siku moja, mwaka wa 1944, aliniita kutoka upande wake.

"Hodi, jirani."

"Kofia sivai," nilijibu.

"Lahaula! Nani amekwambia nauza kofia? Mtu hujamkaribisha, ushamfukuza!"

Alikuwa na haki.

"Bwana Ferdinandi," alisema, na sauti yake ikawa nyingine, "ni kweli ile mashine yako husema na Nairobi?"

"Haisemi na Nairobi. Nairobi ndiyo husema nayo."

"Haya, mwalimu. Nairobi husema nayo. Basi nina shida."

Akanieleza. Mwanawe Kibwana, mtoto wake wa pekee, alichukuliwa jeshini na sasa yuko Burma. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwamba watu wa redio wamefika mpaka kambini kwao, wamenasa sauti za askari kwenye sahani za santuri, na askari wa kikosi cha Kibwana watasikika kutoka Nairobi Ijumaa inayokuja, saa kumi na moja jioni. Redio nyingine za mjini zilikuwa katika nyumba ambazo mwanamke kama yeye habishi hodi.

"Barua zake napata," alisema. "Lakini barua husomwa na mwalimu wa chuoni, kwa sauti ya mwalimu wa chuoni. Sauti ya mwanangu imo wapi humo? Nimeanza kuisahau, Bwana Ferdinandi. Uso naukumbuka, mwendo naukumbuka. Sauti inanikimbia. Nataka niisikie, hata kama ni kunisalimu tu."

Nilikuwa na jibu la ukali tayari mdomoni, kwa mazoea. Nikalimeza.

"Njoo usikilize," nilisema.

"Ndani kwako siingii. Watu wana midomo."

"Wala sikukaribishi ndani," nilisema, na hapo hapo nikaona nimesema vibaya. "Nitakuletea waya."

Niliutoa ule utepe wa chuma, visikizio vikawa mbalimbali. Kimoja nikabaki nacho. Cha pili nikakiunga waya mrefu, nikaupitisha dirishani na kwenye mwanya wa makuti mpaka uani kwake. Jumanne jioni tukajaribu. Mimi chumbani, mezani, kando ya dirisha, yeye kwenye mkeka wake, kila mmoja na chuma chake sikioni. Nairobi ilipokuja nilimsikia akicheka kama msichana.

"Yumo mtu!" aliniita. "Bwana Ferdinandi, humu ndani yumo mtu!"

Alikuwa mtu wa bei za pamba tu. Lakini tangu nihamie nyumba ile haikuwahi kutokea watu wawili wakasikia jambo moja kwa wakati mmoja, na mmoja wao akawa mimi. Nilisikia raha ambayo sikuitarajia, na nilimwacha yule bwana aseme bei zake zote.

Jumatano redio ikafa.

Ndani ya redio ile kulikuwa na kijipande mfano wa njiti ya kibiriti, kimeshikwa na skrubu mbili. Kazi yake ni kuuvujisha umeme kidogo kidogo. Usipovuja, taa ya redio inavimbiwa nao na kunyamaza. Ukivuja mno, sauti nayo inamwagika. Hewa ya chumvi ya pwani ilikuwa imekitafuna kijipande kile kikakatika katikati. Kingine kingetoka kwa fundi Dar es Salaam, na kwa vita ile fundi mwenyewe alikuwa akingoja vitu kutoka Ulaya. Niliikodolea macho mashine ile, nikamfikiria yule mama na mkeka wake, nikatukana kwa Kinguu, lugha ya kwetu, ambayo siku hizo niliitumia kwa hasira tu.

Ndipo nikakumbuka ujanja wa vijana wa kazini, wale waliopenda kujiundia redio zao. Walipokosa kijipande kama kile walichora mstari wa kalamu ya risasi kwenye karatasi nene, kutoka skrubu hii mpaka hii. Watu huiita kalamu ya risasi, na ndani yake hamna risasi hata chembe. Ni jiwe jeusi laini, jamaa wa makaa, na umeme hupita humo, ila kwa taabu. Mstari mwembamba, taabu nyingi. Mstari mnene, taabu kidogo. Unachora, unasikiliza, unaongeza, mpaka redio iseme.

Nilichukua kalamu yangu ya ofisi, kalamu ngumu inayoandika kijivu. Mkono ukatetemeka. Nilichokichora kilikuwa njia ya mchwa, tena mchwa aliyelewa, na kimekatika mahali pengi. Nikajaribu kwa mkono wa kushoto, ikawa aibu tupu. Nikaenda wigoni.

"Bi Mwaija. Kalamu yako ni laini?"

"Asubuhi njema na wewe pia. Kalamu yangu imefanya nini?"

"Ni laini, nyeusi?"

"Nyeusi kama wanja."

Nikamweleza, na sikumficha kitu: redio imekufa, mkono wangu haufai, na bila mstari ulionyooka Ijumaa hatasikia neno.

"Umeme upite kwenye mchoro?" aliuliza. "Mbona basi kofia zangu haziwaki taa?"

"Bi Mwaija, utachora au hutachora?"

"Nachora, nachora! Usinifokee, mimi si karani wako."

Nikampa kipande cha karatasi nene ya boksi chenye matundu mawili. Alichora haraka haraka akiwa amesimama, akanirudishia kupitia makuti. Nikakifunga kwa skrubu, nikawasha, nikamwambia asikilize.

"Ana kwikwi," alisema.

"Mstari ni mwembamba. Ongeza."

Nikafungua, nikampa, akaongeza, akanirudishia.

"Sasa anasema, lakini yuko kisimani."

"Umeongeza mno. Futa."

Akafuta kwa kipande cha mkate, kama anavyofuta kwenye kofia. Tukaenda hivyo, karatasi ikipita kwenye makuti huku na huku, mara kwikwi, mara kisima, mpaka mara moja akapiga kelele, "Hapo! Usimguse! Hapo hapo!" Nami nilikuwa nimekwisha kusikia. Nairobi ilikuwa imekuja safi kuliko ilivyokuwa kabla ya kuharibika. Tulicheka pande zote mbili za wigo, na mimi kicheko changu nilikuwa nimekisahau jinsi kilivyo.

Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, aliniita tena. Alikuwa amejitanda kanga mpya, na alinukia udi.

"Nipe karatasi yangu," alisema.

"Ya nini? Redio ni nzima."

"Ule ulikuwa mstari wa majaribio. Nimeufuta nimeuongeza, nimeufuta nimeuongeza, una madoa. Siwezi kumpokea mwanangu kwa kitu chenye madoa. Nipe mpya nichore kama watu."

Nilitaka kukataa. Lakini nilimtazama jinsi alivyojipamba kwa ajili ya chuma cha sikioni, nikampa karatasi mpya. Aliketi kwenye ubao wake, akachora kama anavyochora kofia ya bwana arusi, taratibu, hapumui. Mstari uliponijia ulikuwa mzuri hata nikaona haya kuufunga ndani ya mashine. Nikafunga, tukajaribu, sauti ikaja safi kabisa. Ule wa kwanza, kwa kuwa una madoa, niliutupa.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa tayari. Muziki ukapigwa, kisha mtangazaji akasema kwamba sasa zinafuata salamu za askari wetu walioko Burma. Askari wa kwanza alikuwa wa Tabora. Alimsalimu baba yake, akawasalimu mashangazi, akaanza kumsalimu ng'ombe wake mmoja kwa jina. Hapo redio ikaingiwa na kwikwi. Kwikwi moja, mbili, kisha kimya.

"Bwana Ferdinandi! Amekatika!"

Nilitazama ile karatasi. Mstari ulikuwa umenyooka vilevile, lakini weusi wake ulikuwa umetoka, umebaki ukungu wa kijivu wenye nyufa. Sikuelewa. Nikatazama dirishani kumwambia asubiri, na kwenye mwanya wa makuti nikaiona midomo yake. Ilikuwa myeusi katikati.

Wachoraji wa kofia huilamba kalamu. Kitambaa chenye wanga huikataa kalamu kavu, basi huilowesha kwa ulimi kila baada ya mstari, bila kufikiri, na wala hawajui kama wanafanya hivyo. Jumatano alichora kwa haraka, amesimama, kalamu kavu. Leo alikuwa amechora kama kazi yake. Umeme wetu ulikuwa umepita kwenye mate ya Bi Mwaija, na mate yalikuwa yamekauka.

"Kisikizio usikivue!" nilimpigia kelele. "Usikivue sikioni, hata iweje!"

Kuchora tena hapakuwa na nafasi. Huko Nairobi wana wa watu walikuwa wakiendelea kusema, na pengine sasa hivi ndiyo zamu ya Kibwana. Nikaing'oa ile karatasi. Nikatia vidole viwili mdomoni, nikavilowesha vizuri, nikaviweka juu ya zile skrubu, kimoja huku, kimoja huku. Mwili wa mtu nao hupitisha umeme kwa taabu. Sauti ikarudi.

Ilirudi ikitetemeka kama mkono wangu. Nikauegemeza uzito wote juu ya kiwiko cha mkono ule, nikabana meno, ikatulia. Lakini vidole vyangu viliisukuma Nairobi pembeni kidogo, ikabidi mkono wa kushoto ukishike kitufe cha kutafutia kituo, niivute irudi, niivute irudi. Katika kuinama huko kisikizio changu kikateleza sikioni kikaanguka sakafuni. Nilikisikia kikivuma huko chini kama mbu. Maneno sikuyasikia hata moja.

Nilibaki hivyo. Ningeachia mkono wowote, yeye angekosa. Vidole vikikauka nilivilamba upesi na kuvirudisha, na kila nilipovitoa niliona kama nimemziba mtoto wa mtu mdomo. Kupitia dirishani niliona bega la Bi Mwaija tu, na kanga yake. Kwa muda mrefu halikutikisika. Kisha akainama, akakaa ameinama. Kisha akaweka mkono kinywani. Nilifurahi, nikajua amempata.

Mkono ulipokufa ganzi kabisa, na pale sakafuni nikasikia muziki badala ya sauti za watu, niliachia. Nilitoka nje nikashika makuti kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ukirukaruka wenyewe, siwezi kuuzuia.

"Umesikia?" nilimuuliza.

Alikuwa amekishika kile kisikizio mapajani kwa mikono miwili, na alikuwa akiutazama mkono wangu.

"Nimesikia," alisema.

"Amesema? Kibwana amesema?"

"Amesema." Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta. "Amesema yu mzima. Amesema huko mvua ni nyingi. Amesema nisiwe na wasiwasi, nile vizuri."

"Na sauti? Ni yake?"

"Ni yake, Bwana Ferdinandi. Ni ile ile."

Nikamshukuru Mungu kwa nguvu, mimi ambaye hata kanisani nilimshukuru kwa kunong'ona. Nilikuwa nimegeuka niende zangu aliponiita.

"Amekusalimu na wewe."

"Nani?"

"Kibwana. Amesema, nisalimieni na jirani yetu, Bwana Ferdinandi, mpeni shikamoo yake."

"Ananijuaje?"

"Si barua? Nilimwandikia. Nilimwambia nina jirani."

Nilisema "Marahaba," nikaingia ndani haraka, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti changu. Nililia. Mzee mzima, nililia kwa sababu kijana nisiyemjua, katikati ya vita, alinikumbuka. Nilijilaumu kwa kile kisikizio kilichoanguka, maana salamu ya kwanza ya maisha yangu ilipita ndani ya vidole vyangu mwenyewe na mimi sikuisikia.

Baada ya hapo nilibadilika kidogo. Sisemi nilikuwa mtu mwema, lakini niliacha kuwajibu watu kwa ukali asubuhi. Kijipande cha redio kilikuja hatimaye, tukawa tunasikiliza kila jioni, yeye na mkeka wake, mimi na meza yangu. Nilimtuma anapoandika barua amwambie Kibwana marahaba, na Mungu amlinde. Alisema atamwambia. Nikawa namngoja kijana yule kama mtu anavyomngoja wake. Nikimwona askari aliyerudi likizo, njia ya sokoni, nilimtazama mara mbili, eti nijaribu kufikiri wangu ana kimo gani.

Alirudi mwaka wa 1946. Jeshini alikuwa amejifunza udereva, na alikuwa amekwisha kupata kazi ya lori, makao yake Chalinze. Alikuja na lori hilo asubuhi moja kumchukua mama yake wakakae wote huko. Habari hiyo Bi Mwaija alikuwa ameniambia wiki ile, kwa maneno machache, na mimi nilikuwa nimejibu vizuri, ni jambo jema, mtoto ni mtoto. Usiku wake sikulala. Asubuhi nilivaa koti langu la kazi nikasimama mlangoni.

Alishuka kijana mrefu, mwembamba, mwenye kovu shavuni. Aliponiona alikuja moja kwa moja, adabu zake zote kamili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba! Karibu nyumbani!" Nilimshika mkono nisiuachie. "Umekua! Yaani, sikuwahi kukuona, lakini umekua."

Alicheka kwa heshima, kama mtu anavyocheka asipoelewa.

"Samahani, mzee. Sikukujua vizuri. Wewe ndiye..."

"Ferdinandi. Jirani yenu. Yule uliyemtumia salamu kwenye redio."

"Kwenye redio?" Alinitazama, akamtazama mama yake mbali kule uani akifunga mizigo. "Labda mwingine, mzee. Mimi redioni sikusema. Siku walipokuja wale watu na mashine zao nilikuwa nimelazwa, homa, sijui hata jina langu. Wenzangu ndio waliosema. Nilimwandikia mama asihangaike kusikiliza, ila barua za kule zilikuwa zinachelewa."

Akaomba ruhusa aende akapakie sanduku. Nilimruhusu. Nilikuwa nimesimama palepale Bi Mwaija alipotoka na tita la mwisho kichwani. Aliniona uso, akalitua chini.

"Hakusema," nilimwambia.

"Hakusema."

"Kwa hiyo siku ile hukusikia kitu."

"Nilisikia kila neno. Mashine yako haikukosa, Bwana Ferdinandi, usije ukafikiri ilikosa. Niliwasikia wa Songea, wa Iringa, wa Kilwa. Wote wakisalimu mama zao. Nilingoja jina la mwanangu mpaka muziki ukapigwa." Alisema hayo pole pole, hana haraka na lori. "Nikadhani amekufa, wananificha. Nikainama pale nikalia. Mara ukatoka wewe, mkono umekuharibikia, unaruka kama samaki, na uso wako una furaha ambayo sijawahi kuiona kwako. Unaniuliza, umesikia? Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia hakusema!" Hasira ilinipanda, ile ya zamani. "Hilo ndilo neno, hakusema, neno moja tu, mtu analipokea, linaisha! Miaka miwili! Nimekaa miaka miwili naitikia salamu ambayo hakuna aliyeituma!"

Aliinama akaliinua lile tita. Nilidhani ameudhika, anakwenda zake bila kwaheri, na ningekuwa nimestahili. Lakini alipokwisha kuliweka sawa kichwani alinitazama.

"Ilitumwa," alisema. "Niliituma mimi."

Kibwana alipiga honi. Bi Mwaija akaenda, mwanawe akamshika mkono akampandisha mbele, mlango ukafungwa. Nilisimama na koti langu, mdomo wazi, karani wa simu wa miaka yote ile, na sikuweza kupata neno la kumpelekea mtu aliye hatua chache mbele yangu. Lori likaunguruma, likakata kona ya kwenda njia ya Chalinze.

"Imefika," nilisema. Vumbi lilikuwa limekwisha kutua.